Wanenguaji wa viwanjani Marekani: wanalipwa nini hasa?

Kila ikionyeshwa NBA au ile futiboli ya Kimarekani ya kukumbatia mpira, hapa kafe huzuka ubishi uleule. Wale wasichana wanaorukaruka pembeni mwa uwanja na mashada mikononi wanavuta bei gani? Kuna jamaa anaapa kwamba ni mamilioni, kwa sababu ametazama mameno yao yalivyo meupe. Mwingine anasema ni wanafunzi wanajitolea tu. Nimeamua kuchimba na kuwamwagia nilichopata. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama dakika zako zinakaribia kuisha, ongeza nusu saa kabisa.

Tuanze na jina, maana Kiswahili bado hakijapata neno moja lililokaa. Magazeti huandika washangiliaji. Lakini mshangiliaji kwetu ni yule mzee wa jukwaani mwenye tarumbeta na jezi iliyopauka. Mimi nitawaita wanenguaji wa uwanjani, kwa sababu kazi yao inafanana zaidi na ya wanenguaji wa bendi zetu, akina Twanga Pepeta na wenzao. Wanasimama pembeni ya mwenye jina kubwa, wanawafanya watu wasikae kwenye viti, halafu siku ya kugawana mshiko wanaitwa wa mwisho. Msiwachanganye na wale wa mashindano wanaorushana hewani na kudakana. Ule ni mchezo unaojitegemea, una shirikisho lake la dunia, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua rasmi mwaka 2021. Mimi nazungumzia wale wa timu za kulipwa.

Sasa cha kushangaza: kazi hii ilianza na wanaume. Tarehe 2 Novemba 1898, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi mmoja aitwaye Johnny Campbell alisimama mbele ya mashabiki na kuanza kuwaongoza kupiga kelele kwa mpangilio. Hapo ndipo wanapohesabia kuzaliwa kwake. Kwa miaka mingi ilikuwa heshima ya vijana wa kiume wenye sauti. Marais Eisenhower, Reagan na George W. Bush wote waliwahi kuifanya walipokuwa masomoni. Wanawake waliingia Minnesota mwaka 1923. Baadaye Vita vya Pili vya Dunia vikawachukua wanaume, wanawake wakashika nafasi, na vita vilipoisha hawakuiachia.

Kwenye ligi ya NFL timu ya kwanza kuwa na kikosi ilikuwa Baltimore Colts, mwaka 1954. Ila aliyeigeuza kuwa biashara ni Dallas Cowboys. Miaka ya 1960 timu ile ilikuwa ikitumia wanafunzi wa sekondari, wavulana kwa wasichana, wanakuja na sweta zao wanapiga makofi na kurudi nyumbani. Meneja mkuu, Tex Schramm, aliona futiboli ni shoo ya televisheni na shoo inataka wachezaji dansi kweli. Msimu wa 1972 wakaletwa wasichana saba waliofundishwa na mwalimu wa dansi Texie Waterman, wamevaa bukta fupi nyeupe, buti, na kizibao chenye nyota. Januari 1976, kwenye fainali ya Super Bowl ya kumi, kamera ilimkuta mmoja wao, naye akaikonyeza. Basi. Nchi nzima ikataka kuwajua. Mwaka 1979 walikwenda Korea Kusini kutumbuiza wanajeshi wa Marekani, ikawa desturi mpaka leo. Sare yao imesajiliwa kama nembo ya biashara, na mwaka 2018 iliingizwa kwenye makumbusho ya taifa ya historia, yale ya Smithsonian, pale Washington. Nguo ya kunengulia iko makumbusho, jamani.

Kupata nafasi siyo lelemama. Mamia wanajitokeza kugombea nafasi 36 za Dallas. Kuna mchujo wa dansi, mahojiano, maswali kuhusu timu na mambo ya dunia, halafu wanaopita wanaingia kambini ambako wanaendelea kukatwa mmoja mmoja. Mchujo huo ulirushwa kwenye televisheni kama kipindi kuanzia 2006 hadi 2021, na tangu 2024 Netflix wana kipindi chao kingine. Kubwa zaidi ni kwamba hata ukipata, umepata kwa mwaka mmoja tu. Mwaka unaofuata unarudi kwenye mstari pamoja na watoto wapya wa miaka 18 na 19. Hakuna cha ukongwe. Mchezaji wa timu anasaini miaka minne, mitano, huyu kila mwaka ni mgeni.

Ndiyo maana karibu wote wana kazi nyingine mchana. Ni manesi, walimu, wahasibu, wanafunzi wa chuo, mawakala wa nyumba. Wanatoka kazini jioni, wanaingia mazoezini mpaka usiku, asubuhi wanarudi wodini. Na miili inalipa. Ile stepu maarufu ya Dallas ya kuruka juu na kutua chini miguu ikiwa imetanuka kabisa inasaga nyonga, na kwenye kipindi cha Netflix walionekana waliokuwa wakizungumzia operesheni za nyonga na mgongo kama sisi tunavyozungumzia malaria.

Tuje kwenye mkwanja, maana ubishi uko hapo. Januari 2014 mnenguaji mmoja wa Oakland Raiders, aliyejulikana mahakamani kama Lacy T., aliiburuza timu yake huko California. Mkataba wake ulisema dola 125 kwa kila mechi ya nyumbani. Mechi za nyumbani zilikuwa 10, kwa hiyo msimu mzima ni dola 1,250. Najua kuna mdau ameshazigeuza kuwa shilingi na kusema mbona siyo mbaya. Subiri kwanza. Hela ile haikutolewa baada ya mechi, ilitolewa mara moja msimu ukiisha. Mazoezi hayakulipwa. Kupiga picha za kalenda, ambayo timu inauza, hakukulipwa. Kwenda kwenye hafla za hisani ni bure. Nywele na vipodozi unajigharamia. Ukisahau kifaa unakatwa faini, na ukiongezeka uzito unaweza kukalishwa benchi siku ya mechi. Ukizijumlisha saa zote, kwa mujibu wa kesi yake, inakuja chini ya dola 5 kwa saa, wakati kima cha chini cha California siku zile kilikuwa dola 8. Maana yake kisheria hata anayeuza soda jukwaani alitakiwa kumzidi yeye anayeonekana kwenye televisheni.

Timu ilikubali kumaliza kesi mwaka huohuo kwa dola milioni 1.25, za kugawana wanenguaji wa misimu kadhaa. Baada ya hapo mlango ukafunguka. Tampa Bay Buccaneers walilipa dola 825,000 mwaka 2015, New York Jets dola 324,000 mwaka 2016. Mbunge mmoja wa bunge la jimbo la California, Lorena Gonzalez, ambaye mwenyewe alikuwa akishangilia alipokuwa chuo cha Stanford, akapeleka muswada unaosema kwamba mnenguaji wa timu ya kulipwa ni mwajiriwa kama waajiriwa wengine. Gavana aliusaini Julai 2015, ukaanza kazi Januari 2016. Fikiria, ilibidi sheria itungwe kusema mtu anayefanya kazi ni mfanyakazi!

Hapa naomba niingize langu. Nilipomaliza fomu foo niliwahi kupata mchongo wa promosheni ya kinywaji fulani, kampuni sitaitaja. Siku tatu juu ya gari la matangazo, muziki juu, jua la utosi, unacheza na kugawa vipeperushi. Malipo yakaja fulana, kofia, na maneno kwamba "mtajulikana". Kwa hiyo nikisoma kwamba matajiri wa Marekani nao walikuwa wakiwalipa watu kwa "kujulikana", nacheka kicheko cha uchungu kidogo. Na hawa wa Dallas timu yao mwaka 2024 ilikadiriwa na jarida la Forbes kuwa na thamani ya dola bilioni 10 na ushee.

Kesi ya Buffalo ndiyo iliyonikaa kichwani zaidi. Wanenguaji wa Buffalo Bills waliitwa Jills, walikuwepo tangu 1967, na mwaka 1995 walifanya jambo ambalo hakuna kikosi kingine cha NFL kilikuwa kimelifanya, waliunda chama cha wafanyakazi. Hakikudumu. Miaka ikapita, kikosi kikawa kinaendeshwa na makampuni ya nje, na Aprili 2014 watano kati yao wakafungua kesi. Walieleza kwamba walikuwa hawalipwi chochote kwa mechi. Walieleza kitabu cha masharti kinachowapangia mpaka namna ya kujisafisha mwilini na namna ya kula mkate mezani. Walieleza kipimo cha kurushwarushwa mbele ya msimamizi ili aangalie nyama gani inatikisika. Ukitikisika, huchezi. Timu ikasema hawa si wafanyakazi wetu, waulizeni wakala. Wakala akakisimamisha kikosi, na mpaka leo Buffalo hawana wanenguaji. Kuna waliowalaumu wale watano kwamba wamewaharibia wenzao ulaji. Mimi nauliza, ulaji gani?

Mwaka 2018 yakaibuka ambayo hayakuhusu hela peke yake. Bailey Davis wa New Orleans Saints alifukuzwa Januari mwaka huo kwa sababu ya picha aliyoweka Instagram akiwa na vazi la kubana la kipande kimoja. Akaunti yenyewe ilikuwa ya siri. Alipopeleka malalamiko kwenye tume ya serikali inayosimamia haki kazini, ndipo watu wakasoma masharti. Mnenguaji haruhusiwi kuzoeana na wachezaji. Kama amekaa mgahawani anakula na mchezaji akaingia, wa kuondoka ni yeye mnenguaji, hata kama chakula ndiyo kwanza kimeletwa. Mitandaoni ni yeye anayetakiwa kuwafungia wachezaji wote wasimwone. Mchezaji yeye hapewi sharti kama hilo. Wenye timu wanasema ni kuwalinda wasichana. Ajabu ya ulinzi huu ni kwamba anayelindwa ndiye anayefukuzwa.

Mei 2018 gazeti la New York Times likatoa habari ya kikosi cha Washington, kilichopelekwa Costa Rica mwaka 2013 kupiga picha za kalenda. Kwa maelezo ya waliokuwepo, walipofika pasipoti zao zilikusanywa. Baadhi walitakiwa kupiga picha vifua wazi, na pembeni walikuwepo wafadhili wa timu na wenye tiketi za vyumba vya kifahari wakitazama. Usiku wakachaguliwa tisa wawasindikize baadhi ya wafadhili hao klabu. Hawakulipwa zaidi ya nauli, chakula na malazi. Nadhani wadau wenye ndugu waliokwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni walipofika kwenye neno "pasipoti" hawakuhitaji maelezo zaidi. Mwaka 2021 timu ilimalizana na wanenguaji wake wa zamani nje ya mahakama, ikavunja kikosi na kuunda kingine cha mchanganyiko wa wanaume na wanawake.

Sisi Waafrika tunaingia wapi? Tunaingia kupitia kriketi ya India. Ligi ya IPL ilipoanza Aprili 2008, timu ya Bangalore iliwaleta wanenguaji haohao wa Washington. Timu nyingine zikatafuta wa kwao, na wengi wakatoka nje ya India, Afrika Kusini ikiwemo. Msimu huohuo wa kwanza, madensa wawili weusi kutoka Uingereza walisema walizuiwa kuingia kucheza mechi moja kule Mohali kwa sababu ya rangi ya ngozi yao. Waandaaji walikanusha. Halafu 2011 msichana wa Afrika Kusini, Gabriella Pasqualotto, aliyekuwa akinengua kwa ajili ya Mumbai Indians, alianza kuandika blogu bila kutaja jina lake. Alieleza jinsi baadhi ya wachezaji wa kriketi wanavyowatazama na kuwasumbua kwenye pati za baada ya mechi. Wakamjua. Akapandishwa ndege kurudishwa kwao. Hao wachezaji hakuna aliyepandishwa ndege.

Lakini nisiwaonyeshe giza tupu, maana wapo waliotoka kimaisha kupitia njia hii. Paula Abdul alikuwa Laker Girl, kikosi cha Los Angeles Lakers kilichoanzishwa mwaka 1979 na mmiliki Jerry Buss. Akina Jackson walimwona kwenye mechi wakampa kazi ya kupanga stepu, baadaye akampangia Janet, kisha akaimba mwenyewe, na wengi wenu mnamkumbuka kama jaji wa American Idol. Teri Hatcher wa Desperate Housewives alinengua kwa ajili ya San Francisco 49ers mwaka 1984. Ninayempenda zaidi ni Darlene Cavalier, aliyekuwa na Philadelphia 76ers. Alianzisha kundi la wanenguaji waliosomea sayansi na uhandisi, wanaokwenda kuongea na watoto wa shule, na sasa yeye mwenyewe ni profesa Arizona. Kuna na ulaji mwingine ambao sikuutarajia. Mwaka 2005 New York Times waliandika kwamba makampuni ya dawa yalikuwa yanapenda kuajiri waliowahi kunengua ili waende kuwauzia dawa madaktari. Mtu aliyezoea kutabasamu saa tatu kwenye baridi, daktari gani atamfukuza mlangoni?

Wengi wao lakini wanaishia kufungua shule za dansi au kurudi kwenye kazi yao ya mchana. Na ukiwauliza kwa nini walikubali mshahara ule, jibu lao ni kwamba walisomea dansi tangu wana miaka mitatu, na baada ya chuo hakuna sehemu nyingine ya kuchezea mbele ya watu elfu 80. Wenye timu wanalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Foleni ikiwa ndefu, bei inashuka. Wabeba boksi wanaielewa hesabu hii.

Dallas nao walifikiwa. Mwaka 2018 Erica Wilkins, aliyenengua misimu mitatu, alifungua kesi akisema kwamba kikaragosi wa timu, yule anayevaa kichwa kikubwa cha bandia na kuitwa Rowdy, alikuwa analipwa kama dola 65,000 kwa mwaka, mbali sana na alichopata yeye. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 2019, na kiwango cha mechi kikapanda kutoka dola 200 hadi 400. Halafu kikaja kipindi cha Netflix mwaka 2024, dunia ikaona mnenguaji maarufu kuliko wote anahangaika na kodi ya nyumba. Kwenye msimu wa pili, Juni 2025, wanaonekana wakijadili kugoma, wakatafuta wakili, na mwisho ikatangazwa nyongeza ya takriban asilimia 400. Mmoja wa wakongwe, Jada McLean, aliliambia gazeti kwamba mwaka 2024 alikuwa kwenye dola 15 kwa saa na dola 500 kwa kila tukio, na kwamba sasa baadhi yao wangepita dola 75 kwa saa. Kwa hiyo yule jamaa wa mamilioni bado amekosea, ila siyo kwa mbali kama zamani.

Wanaume nao wamerudi. Mwaka 2018 Quinton Peron na Napoleon Jinnies walijiunga na Los Angeles Rams kama wanaume wa kwanza wa NFL kucheza stepu zilezile za wasichana, na Februari 2019 wakacheza Super Bowl. Agosti 2025 Minnesota Vikings walipotangaza wanaume wawili kwenye kikosi chao zilipigwa kelele mitandaoni mpaka basi. Minnesota hiyohiyo ya Johnny Campbell!

Siyo kila timu inataka biashara hii. New York Giants hawajawahi kuwa na kikosi. Pittsburgh Steelers waliacha mwaka 1969. Chicago Bears walikuwa na wasichana wao, Honey Bears, ila baada ya kutwaa ubingwa Januari 1986 familia inayomiliki timu ikawafuta. Tangu siku hiyo Chicago hawajatwaa tena, na mashabiki wao wanasema ni laana ya wale wasichana. Sisi tungemwita mtaalamu aje akague chini ya goli.

Ukitaka kuona mnenguaji anayelipwa kama staa, achana na Marekani, tazama besiboli ya Korea Kusini na Taiwan. Kule wanasimama juu ya jukwaa wakiwatazama mashabiki, kila mchezaji wa timu ana wimbo na stepu zake, na mashabiki wanazifuata mechi nzima. Wana mashabiki wao binafsi na matangazo ya biashara kwa majina yao. Lee Da-hye alihama kutoka Kia Tigers ya Korea kwenda Rakuten ya Taiwan mwaka 2023, na magazeti yakaandika kama tunavyoandika usajili wa Simba na Yanga. Mwaka 2024 mwenzake, Lee Ju-eun, alinaswa kwenye video akijipaka vipodozi, mpinzani akakosa mpira wa tatu, akaamka na kucheza dansi ya vidole gumba huku kioo bado kipo jirani, akakaa tena kuendelea. Dunia nzima ikaiga. Januari 2025 timu ya Fubon ya Taiwan ikamsajili.